Nyama Hai Ina Walinzi

Malukhu, Mbale
3 Mei 1979

Ndugu yangu Marjan,

Assalamu aleikum. Leo asubuhi Khainza ameniambia u hai, nami nikamtaka aseme tena, na tena, mpaka akaniuliza kama nataka aape. Nimelia kidogo, kisha nimenawa uso. Huyu Khainza ndiye mama anayepeleka kabichi na vitunguu Jinja kila wiki, na barua zetu zitakuwa zinasafiri ndani ya gunia lake. Ukisikia karatasi inanuka kabichi, vumilia.

Sasa mguu. Amesema una tundu kwenye muundi linaloweza kuingia yai, kwamba pembeni ni jeusi na katikati ni manjano, na kwamba linanuka. Hiyo nyeusi na hiyo manjano ni nyama iliyokufa, Marjan. Maadamu imo, kidonda hakitafunga, na sumu yake itapanda pajani, kisha tutazungumza mambo mengine kabisa. Mwaka mzuri daktari angeikata kwa kisu. Mwaka huu usithubutu kwenda hospitali ya hapo. Langoni wanauliza majina, na jina lako halihitaji maelezo.

Tafuta papai bichi, lililokomaa ila halijaanza kuiva. Lioshe, limenye, liponde kwa kijiko kilichochemshwa. Paka juu ya kidonda unene wa kidole, funga kitambaa kilichochemshwa. Ukae nalo masaa manne tu, kisha utoe na kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Ule utomvu mweupe unakata nyama iliyokufa vipande vidogo vidogo mpaka inaoshwa kama uji. Unakumbuka Mama alivyokuwa akifunga nyama ngumu ya fahali kwenye majani ya mpapai kabla ya kuipika? Ni jambo lile lile. Itawasha sana. Usifanye utoto.

Huku kumetulia. Nyumba ya marehemu Baba ipo vile vile, naenda maabara asubuhi na jioni narudi kukaa barazani. Usinifikirie mimi hata kidogo. Fikiria mguu, upone, uje nyumbani.

Dada yako,
Hadijah


Bugembe, Jinja
9 Mei 1979

Dada Hadijah,

Wa aleikum salaam. Barua imenuka kabichi, nami nimeinusa mara nyingi, maana tangu mwezi uliopita sijanusa kitu kingine ila mguu wangu.

Umeniambia nisifanye utoto, basi sitakueleza jinsi papai linavyowasha. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza niliuma mto nikautoboa. Lakini dada, linafanya kazi. Leo tumeosha na kipande cheusi kimetoka chenyewe, na chini yake nimeona wekundu.

Hukuuliza nilivyoumia, kwa sababu unajua. Siku ile jeshi lilipokimbia na wakombozi kutoka Tanzania wakaingia Jinja, majirani walikuja kwenye vyumba vyetu wakiimba. Wakauliza Wanubi mmekula nini miaka minane ya utawala wa mwenzenu. Mimi nimekwangua ngozi za ng'ombe kiwandani miaka kumi na mmoja, na serikali ile haikunipa kitu zaidi ya harufu. Nilitaka kuwaeleza hivyo. Nikaona panga, nikaruka ukuta badala ya kueleza, na bati la juu likanikata. Isabirye, yule Msoga ninayefanya naye kazi kwenye mapipa, alinilaza kwenye mkokoteni, akanifunika ngozi mbichi sita, akanisukuma mpaka kwake Bugembe. Kwenye kizuizi askari alifunua ya kwanza, akaziba pua, akatupungia mkono tupite.

Mahali aliponificha utacheka. Ni chumba cha mama mkwe wake, mama wa mkewe, ambaye amekuja kukaa hapa kwa sababu ya vita. Kwao Busoga mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso kamwe. Wanasema ukivunja mwiko huo, uzeeni mikono itakutetemeka mpaka ushindwe kushika kikombe. Kwa hiyo Isabirye mwenye nyumba haingii humu, na vijana wa mtaa waliokuja kutafuta Wanubi waliambiwa humo amelala mkwe, wakageukia mlangoni wakiinamisha macho. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lake. Bibi huyo ndiye anayeniosha mguu. Hatujui lugha moja hata kidogo, lakini ananigombeza vizuri sana.

Chumba hakina dirisha ila tundu la ngumi. Sisemi kwa sauti, sikohoi, sichechemei maana ubao unalia. Mchana nahesabu magari ya barabara ya Iganga. Nimechoka, dada, nasema kweli. Kinachonishikilia ni kujua kwamba wewe umekaa barazani kwetu unakunywa chai kama mtu huru.

Niambie jambo moja. Hilo papai linajuaje? Linakula iliyokufa na kuniacha mimi. Nikilala nalo naogopa litakosea.

Ndugu yako,
Marjan


Malukhu, Mbale
14 Mei 1979

Marjan,

Mwambie huyo bibi namshukuru, na aongeze kukugombeza.

Umeuliza swali zuri kuliko wanafunzi wengi waliopitia maabara yetu, basi nitakujibu kwa kirefu. Sina haraka jioni hizi.

Nyama, ngozi, damu, kucha, vyote vimejengwa kwa protini, nyuzi ndefu zilizokunjwa. Na kila kiumbe kina mikasi ya kuzikata nyuzi hizo. Wataalamu wanaiita vimeng'enya, mimi nitaiita mikasi. Ni ukoo mkubwa, na kila ndugu ana kazi yake. Wapo wanaokaa tumboni na kukata nyama unayokula. Wapo kwenye damu: ukijikata, mkasi mmoja unamkata mwenzake ili aamke, naye anamkata mwingine, mpaka wa mwisho anakata uzi mmoja maalumu wa damu, nao unajisuka kuwa wavu, damu inaganda. Jeraha likipona wanakuja wengine kuufumua wavu ule. Mwanamke akishajifungua, mikasi ndiyo inayopunguza kizazi kirudi udogo wake. Bila kukata hakuna kujenga, ndivyo mwalimu wetu alivyopenda kusema.

Na kongosho, inayotengeneza mikasi mikali kuliko yote, huitoa ikiwa imefungwa midomo. Inafunguliwa ikishafika utumbo. Ikitokea imefunguka mapema, kongosho inajila yenyewe, na mtu anakufa kwa maumivu. Nimeona mmoja.

Sasa papai halijui kitu, Marjan. Halina akili hata ya kuku. Wewe ndiwe unayejilinda. Nyama hai inapitiwa na damu, na ndani ya damu kuna walinzi wanaoukamata mkasi na kuuziba mdomo. Nyama iliyokufa haifikiwi na damu, kwa hiyo haina mlinzi. Ndiyo sababu nakwambia masaa manne. Walinzi nao huchoka wakizidiwa.

Mnashangaa nini ninyi watu wa ngozi? Hata ile dawa yenu ya unga ya kulainisha ngozi kiwandani ni ya ukoo huo huo. Miaka yote umekuwa ukishika mikasi kwa koleo bila kujua jina lake.

Baraza limepata mvua leo. Usihesabu magari, utapata wazimu. Hesabu siku.

Dada yako,
Hadijah


Bugembe
23 Mei 1979

Nyabo Hadijah,

Mimi Isabirye, ndugu yako Marjan yuko kwangu. Kiswahili yangu ni ya kiwandani, utanisamehe.

Mapapai yangu iliisha, nikawa nanunua sokoni. Jirani akauliza mke wangu, ninyi mnapika nini na papai bichi kila siku? Tukaogopa, tukaacha kununua. Basi Marjan akaniambia kupitia ukuta, dada ameandika kwamba ile dawa ya kiwandani ni ukoo mmoja na papai, niletee. Na mimi nilileta, nyabo. Sisi wawili tumefanya kazi na hiyo dawa miaka mingi, tukaona kama tunaijua.

Unajua kiwandani ngozi ikiwa ndani ya dawa tunaibonyeza na dole gumba. Alama ya kidole ikibaki, ngozi iko tayari. Ikiwa haibaki, tunasema bado. Marjan alichanganya unga na maji ya moto kidogo, akaweka kwa mguu, na kila mara alibonyeza nyama yake mwenyewe akaniambia kwa ukuta: "Bado, Isabirye. Alama haijabaki." Mimi nikajibu sawa. Mwishowe akalala nayo.

Asubuhi mama mkwe aligonga ukuta na kikombe. Damu ilikuwa imepita godoro. Sasa ni siku ya tatu ana homa. Mguu imevimba mpaka goti. Na akiwa na homa anaongea Kinubi kwa sauti. Jirani wana masikio. Mke wangu anaimba nyimbo za kanisa mchana kutwa ili kumfunika, na hiyo nyimbo zimeanza kuisha.

Kila akizinduka anauliza kama wewe umefika. Uje, nyabo. Tafadhali.

Isabirye


Maabara ya hospitali, Mbale
25 Mei 1979

Bwana Isabirye,

Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Marjan.

Kwanza dawa. Ndani ya kabichi iliyofungwa uzi mwekundu mna vidonge ishirini na nane vya penisilini. Kimoja kila baada ya masaa sita, usiku na mchana, hata akiwa amelala mwamsheni. Osheni ule unga wote kwa maji ya chumvi, mengi, mpaka maji yatoke safi. Msiweke papai tena, wala kitu chochote kinachokula. Pakeni asali, fungeni kitambaa kisafi, mguu ukae juu ya mto. Unga wa kiwandani una chumvi kali ndani yake na maranda ya mbao, si mikasi tu, na umetengenezwa kwa kongosho ya mnyama ambaye huenda Marjan hapendi kumsikia. Ngozi mnayoibonyeza kiwandani imekufa siku nyingi. Ya Marjan ilikuwa inapigana, na kila alipobonyeza na kuona alama haibaki, ni walinzi wake walikuwa wakijaribu kumwambia aache. Lakini kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika ukoo mmoja, kwa sababu nilipenda kusikika nina elimu.

Sasa sababu ya kutokuja kwangu.

Hakuna nyumba Malukhu. Yaani nyumba ipo, ila wanaishi watu wengine. Walivunja mlango siku mbili baada ya Jinja kuanguka. Mimi nilikuwa zamu hapa, na hiyo ndiyo bahati yangu yote. Daktari Aloysius alinificha katika chumba cha nyuma ya maabara na kufunga mlango wa nje kwa kufuli. Nyuma kuna ua mdogo wenye choo na ukuta mrefu. Chakula na sampuli za wagonjwa huletwa kwenye kidirisha cha kupokelea, nami huandika majibu bila jina, na Khainza hupitisha barua zetu hapo hapo akileta mboga za jikoni. Daktari anasema nikitoka hata hatua kumi nitauawa. Anasema pia kwamba hana mtu mwingine anayeweza kusoma malaria kwenye hadubini. Nadhani yote mawili ni kweli, ila sijui lipi linamfanya anifungie. Siku za kwanza nilijaribu kitasa kila asubuhi. Kisha nikaacha, maana kilinivunja moyo. Kila jioni nasikia kufuli likibanwa, nadhani daktari analikagua, na nasikia mwenyewe nikishusha pumzi, na najichukia kwa hilo.

Kwa hiyo siwezi kuja. Mwambie Marjan nina kazi nyingi. Ajue niko barazani, ninakunywa chai. Akijua niliko atakata tamaa, au atajaribu kutembea kwa mguu ule, na vyote viwili vitamuua.

Mungu akulipe, wewe na mkeo na mama mkwe wako. Mimi sina cha kuwalipa.

Hadijah


Bugembe
17 Juni 1979

Kwa Hadijah,

Mimi ni mzima. Homa iliniacha siku ya sita ya vidonge. Kidonda ni chekundu chote, chenye chembe chembe kama punje za wimbi, na pembeni kuna ngozi mpya nyembamba inayotambaa kuingia ndani. Natumai hayo yanakuridhisha kitaaluma.

Sasa niseme langu. Nilikuwa nakufa, dada. Sikuwa nachezea maneno. Kila nilipofumbua macho nilimwuliza Isabirye kupitia ukuta, Hadijah amefika? Siku moja akasema: "Amesema ana kazi nyingi." Nilimwambia arudie, nikidhani homa inaniongopea. Bibi wa watu, ambaye hana hata neno moja la kuniambia, alikaa nami siku kumi na mbili akinipepea kwa kawa. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa na kazi nyingi.

Labda raha inabadilisha watu. Labda ukikaa kwenye baraza lako, majirani wakikusalimu, ndugu aliyefichwa nyuma ya pazia anakuwa aibu. Sijui. Mimi kwa siku arobaini nimeishi kwa kulifikiria baraza lile, na sasa nikilifikiria linanichoma kuliko papai.

Nakuja. Natembea sasa, naegemea fimbo. Mwisho wa mwezi nitapanda na Khainza, nishukie Malukhu, nigonge mlango wa Baba, na wewe unitazame usoni uniambie kazi yenyewe ilikuwa ipi. Baada ya hapo nitavuka kwenda kwa shangazi Kibera. Ukitaka tutakwenda wote. Usipotaka, nitajua.

Marjan


Maabara ya hospitali, Mbale
24 Juni 1979

Marjan, ndugu yangu, usije Malukhu.

Tazama pale juu nilipoandika mahali. Hapo ndipo nilipo tangu Aprili. Kila nilichokuandikia kuhusu nyumba na baraza kilikuwa uongo, mvua nayo ilikuwa uongo, maana humu siioni ikinyesha, naisikia tu. Ndani ya nyumba yetu wanakaa watu nisiowajua. Khainza anasema wana panga lililochomekwa juu ya mlango na wamewaambia majirani kwamba Mnubi yeyote atakayekuja kudai atalikuta. Ukigonga mlango ule umekwisha.

Nimefungiwa hapa kwa kufuli. Isabirye aliponiita nilisimama mbele ya mlango huu nikaupiga kwa kiganja mpaka kikavimba, kisha nikakaa chini na kuandika jinsi ya kupaka asali. Nilimwomba Isabirye akuambie nina kazi nyingi. Uchukie uongo huo kadiri unavyotaka, ila uwe hai ukiuchukia.

Kaa hapo kwa bibi. Au pitia Tororo moja kwa moja uvuke kwenda kwa shangazi, usiingie Mbale kabisa. Mimi nitakuja siku daktari atakaponifungulia. Sijui ni lini. Nakuomba, Marjan. Sijawahi kukuomba kitu, nimezoea kukuamuru, basi hesabu hili.

Hadijah


Bugembe
28 Juni 1979

Nyabo Hadijah,

Khainza amefika jana na barua yako. Marjan hayuko. Aliondoka Jumatatu.

Nisikilize nieleze. Kiwanda kimeanza tena kidogo, na Waiswa dereva alikuwa anaenda upande wa Mbale kununua ngozi. Marjan aliona lori ya ngozi ni salama kuliko ya kabichi, sababu hakuna askari anapenda kupekua. Alimuaga mama mkwe kwa ishara za mikono. Mama mkwe alijua yote, alijua hata ni Malukhu anaenda, lakini mimi nilikuwa kazini, na mama mkwe na mimi maneno yetu hupita kwa mke wangu tu. Mke wangu alikuwa msibani Iganga siku mbili. Siku mbili hizo mimi nilikula chakula changu ukutani pale, nikisema na Marjan usiku mwema, nikidhani amekasirika ndiyo hajibu. Mama mkwe alikuwa anagonga ukuta na kikombe. Nilidhani anataka maji.

Ningejua mapema ningemfuata kwa baiskeli. Ningemwambia ukweli wako, hata kama ulinikataza. Sasa mimi sijui la kufanya. Mke wangu anaomba Mungu wake, mama mkwe halali. Ukisikia kitu, kizuri au kibaya, tuma neno.

Isabirye


Nje ya mlango wako
Jumapili, 1 Julai 1979

Dada,

Usipige kelele. Ni mimi. Naipitisha karatasi hii chini ya mlango kwa sababu kidirisha kimefungwa leo, na sithubutu kukuita kwa sauti yangu mwenyewe. Benchi hili lina wagonjwa wawili, na sauti ya Mnubi inajulikana kabla hajamaliza salamu.

Niko mzima. Lori lilikaa Busiu siku nne tukipaka ngozi chumvi, ndiyo maana nimechelewa. Jana nilifika Malukhu. Nilikuwa nimevaa koti la Isabirye, na miezi miwili nyuma ya tundu lile nimesikiliza askari wa Tanzania wakizungumza barabarani mchana kutwa, basi mlango ulipofunguliwa na nikaona uso nisioujua, na panga juu yake, mdomo wangu wenyewe ulisema Kiswahili chao. Nilisema, samahani mzee wangu, mguu unanisumbua, naomba nipumzike kidogo. Mtu yule akaniita afande. Akaniletea kiti cha Baba. Akanipa chai kwenye vikombe vya Mama, vile vya maua ya buluu, akaniuliza nyumbani kwetu ni Mwanza au Bukoba, nikasema Bukoba. Hapo akajisifu kwamba wenye nyumba walikuwa Wanubi, mmoja alikufa Jinja, na dada yake amefungiwa na daktari kwa kufuli nyuma ya maabara ya hospitali, hajatoka tangu mwezi wa nne. Alisema hivyo huku akicheka. Nikamaliza chai, Hadijah. Nikashukuru.

Usiku kucha nilikuwa nikikuomba radhi, wewe usisikie. Barua yangu ile, ukiwa nayo, ichome.

Nilikuja hapa na kisu cha kuchunia na tindo ya kuvunjia kufuli. Nimekaa kwenye benchi tangu alfajiri nikingoja mtu anayefagia amalize. Kisha nikauendea mlango.

Dada, hauna kufuli.

Nimepapasa juu hadi chini. Kuna pete mbili za chuma na buibui amejenga katikati yake. Nikamwuliza mfagiaji kwa Kiswahili cha kiaskari, kufuli la hapa liko wapi. Akasema stoo ya dawa iliibiwa katikati ya mwezi wa tano, daktari akalitoa la hapa akalipeleka kule, mlango wa pili. Kama jioni unasikia kufuli likibanwa, ni hilo la stoo. Sijui kama daktari alisahau kukwambia, au aliona afadhali usijue. Mwenyewe utamwuliza, ukitaka. Maana yake ni kwamba siku Isabirye alipokuita mlango wako ulikuwa wazi, na siku zote baada ya hapo. Nakuambia mimi, ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Nami sikulaumu. Nilikaa miezi miwili nyuma ya pazia la kitambaa, najua kinavyokuwa.

Waiswa yuko nyuma ya jiko la hospitali na lori. Anaondoka saa tano kwenda Tororo, na kutoka hapo tutavuka. Tutakwenda chini ya ngozi. Zinanuka, lakini umenizoea.

Nimeshika kitasa, nikakiachia. Nikiufungua mimi, utakuwa umetolewa na mtu kama ulivyofungiwa na mtu. Na naogopa pia, nasema kweli, naogopa kuona jinsi ulivyokonda. Nimerudi kukaa kwenye benchi, nimeelekea kwako. Saa ya ukutani inasema saa nne na nusu.

Vuta kitasa kwa ndani. Hakishikiliwi na kitu.

Ndugu yako,
Marjan